Khunyangu, ambako kunde haina pakiti

Msomaji mpenzi, ukitaka kuijua Busia, fika alfajiri. Shuka kwenye basi la usiku ukiwa na usingizi machoni na miguu iliyovimba kwa kukaa tangu Nairobi. Utawaona wanawake wakivuka kutoka upande wa Uganda na mikungu ya ndizi na trei za mayai, na utawasikia vijana wa boda boda wakikuita kabla hujautua mguu wa pili chini. Usiwakasirikie. Wana haki ya kujigamba, kwani jina la kazi yao lilizaliwa hapa hapa mpakani, siku zile za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi mwaka 2018, msafiri hupiga foleni mahali pamoja badala ya pawili, lakini pilikapilika ni zile zile.

Mimi sikuwa nikivuka. Nilikuwa nimemshika mkono binti yangu wa miaka 6, naye ameshika pakiti ya vibanzi vya viazi aliyoimaliza tangu Kericho lakini hakutaka kuitupa. Safari yetu ilikuwa ya Khunyangu, kwa shangazi yangu, na sababu yake haikuwa matembezi.

Hebu nikueleze. Mwezi wa Aprili mtoto huyu alianza kuchoka ovyo. Akipanda ngazi za ghorofa yetu alikaa chini mara mbili. Daktari alimfunua kope, akaangalia weupe wa ndani, akaagiza damu ipimwe. Ikaonekana damu imepungua. Tukapewa dawa ya madini ya chuma, na pamoja na dawa tukapewa orodha: mboga za majani, maharagwe, dagaa, maini, matunda.

Dawa aliinywa. Orodha ndiyo iliyotushinda. Binti yangu ni mla chipsi, soseji na mkate mweupe. Ukimtilia sukumawiki sahanini huiondoa jani baada ya jani, kama mkulima anayepalilia. Nilimbembeleza, nikamtisha, mwishowe nikamhonga: vijiko vitano vya mchicha, soda moja. Mzazi mwenzangu, usinicheke kabla hujapiga hesabu. Soda ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari karibu vijiko 8 vya chai. Nilikuwa nikinunua vijiko 5 vya mboga kwa vijiko 8 vya sukari, na bado mboga nyingine zilitemwa.

Shangazi aliponisikia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto hafundishwi kula mezani. Akifika mezani umeshachelewa. Shule zikifungwa Agosti, niletee."

Mgeni wa kalongolongo

Khunyangu iko katika nchi ya Wamarachi, sehemu ya Butula, kaunti ya Busia. Ukitoka mjini Busia unapanda matatu inayorudi njia ya Kisumu hadi Bumala, kisha unamkabidhi kijana wa boda boda roho yako na mzigo wako. Pande zote mbili ni mahindi, muhogo na miwa, na nyumba zimejificha nyuma ya migomba. Wengi wanalijua jina la Khunyangu kwa sababu ya hospitali yake. Mimi nalijua kwa sababu ya jiko la shangazi.

Tulipofika, binti yangu alimwamkia vizuri, akaitwa "kukhu", yaani nyanya, kwa maana kwetu bibi na mjukuu huitana jina moja. Kisha akapotea. Nilipomtafuta nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya watoto sita wa jirani, wakicheza kalongolongo.

Kama ulikulia ghorofani, kalongolongo ni ule mchezo wa kuigiza maisha ya nyumbani. Huyu baba, yule mama, huyu mgeni, yule mtoto mgonjwa. Mawe matatu ni mafiga, mkebe uliotupwa ni sufuria, na kijiti ni mwiko. Katika mtaa wetu wa jijini watoto huucheza kwa vyombo vya plastiki vyenye mayai ya plastiki na karoti za plastiki. Huku walipika majani ya kweli.

Binti yangu, mgeni mwenye bidii, alichuma majani ya ua akayatia mkebeni. Msichana wa miaka kama minane akayatoa mara moja. "Hiyo ni ya mbuzi," akasema. "Mtu hali hiyo."

Hapo likaanza somo ambalo hakuna mtu mzima aliyelipanga. Msichana yule alimshika mkono akamzungusha shambani. Hii ni kunde, hesabu: majani yake huja matatu matatu. Hii ni mgagani, ina vidole vitano kama mkono wako, nao ni mchungu, haupikwi peke yake. Huu ni mrenda, ukiiva huteleza. Hii ni mito, hii ni seveve, ambayo ni majani ya malenge. Binti yangu alirudi ameshika fungu la kunde, akalichambua, akalipika kwa maji na vumbi, akawapakulia wageni. Wageni wakajifanya kula, wakamsifu mpishi.

Chakula cha jioni kilipoandaliwa, ugali wa muhogo na mtama, mrenda uliochanganywa na kunde, na omena, nilidhani miujiza imetendeka. Wapi! Alikula ugali mtupu. Nilifungua mdomo nimkemee, shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Siku ya pili alikaa na watoto wenzake wakachambua mboga ya kweli ya chungu cha kweli. Alionja kwa ncha ya kidole, akakunja uso. Shangazi hakusema neno. Siku ya tatu watoto walialikwa kula kwetu, wakaanza mashindano: nani atavuta uzi mrefu zaidi wa mrenda kutoka sahanini hadi mdomoni bila kukatika. Mimi niliyelelewa kwa amri ya kutochezea chakula nilitaka kuinuka. Nikakanyagwa tena. Binti yangu alishindwa raundi ya kwanza, akashindwa ya pili, akashinda ya tatu. Na uzi wa mrenda, msomaji, hauna pa kuishia ila tumboni.

Baadaye nilikumbuka jambo ambalo wataalamu wa lishe ya watoto wamelisema kwa miaka mingi: mtoto huhitaji kuonja chakula kigeni mara nyingi, mara 8, 10, hata 15, kabla hajakizoea. Sisi humwonjesha mara mbili au tatu tukatangaza kwamba hapendi. Shangazi hajasoma vitabu hivyo, lakini anajua kwamba kugusa, kunusa, kuchambua na kuonja kwa kidole ni hatua za safari hiyo hiyo. Ndiyo maana aliniambia mezani ni kuchelewa.

Dukani na sokoni

Kuna mwalimu wa chekechea anayekaa si mbali na hapo. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini ufunguo alikuwa nao, akakubali kunionyesha darasa. Tulipotoka kwa shangazi tulikuwa watatu. Tulipofika tulikuwa kumi na wawili, maana watoto wa kijiji hawamwachi mgeni aende peke yake.

Kama umewahi kuingia darasa la chekechea nchini Kenya, unaijua ile pembe ya duka. Ni rafu ya mbao au ya maboksi, imejazwa pakiti tupu ambazo wazazi wameombwa walete: za unga, za majani ya chai, za sabuni, za biskuti, za siagi. Mtoto mmoja huwa mwenye duka, wengine huja kununua kwa vizibo vya soda. Hapo hujifunza kuhesabu, kusalimiana kwa adabu na kusoma.

Binti yangu alipoiona alijaa furaha. Hatimaye alikuwa nyumbani! Alizitaja pakiti zote, moja baada ya nyingine, kwa majina yake, hata zile ambazo maandishi yake hawezi kuyasoma. Akakaa nyuma ya rafu, akawa muuzaji. Msichana wa kalongolongo akaja na vizibo vyake. "Nipe kunde za vizibo viwili."

Muuzaji akatafuta. Hakuna. "Basi nipe omena." Hakuna. "Ndizi?" Hakuna.

Mwalimu alinitazama akatabasamu. "Umeona, dada? Nilifundisha miaka mingi bila kuliona hilo. Kunde haina pakiti."

Maneno hayo yalinikaa kichwani, na naomba yakukae na wewe. Duka la darasani, ambalo nia yake ni njema kabisa, hujazwa na vile vitu tu vinavyoacha pakiti nyuma. Chakula kinachotoka shambani hakiachi kitu cha kubandika rafuni. Huliwa kikaisha. Basi mtoto hucheza mwaka mzima akijifunza kwamba chakula ni kile chenye rangi za kung'aa na picha ya katuni, na kile alichokula nyumbani si bidhaa, hakina jina wala bei.

Mwalimu huyu alifanya nini? Hakulibomoa duka. Alifungua soko mkabala nalo. Ametandika gunia sakafuni kama mama wa sokoni. Juu yake huweka viazi, ndizi na samaki vilivyofinyangwa kwa udongo na watoto wenyewe. Shule zikiwa wazi, kila mtoto anayepita shambani asubuhi huja na fungu dogo la mboga mbichi. Kila fungu lina bei, na muuzaji ni lazima alisifu: "Karibu, mgagani wa leo, haujanyauka!"

Katikati ya darasa amechora duara kwa chokaa, akaligawa sehemu tatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Mwalimu hupiga kelele, "Mwili wangu unataka kulindwa!" nao watoto hukimbia sokoni na dukani, kila mmoja arudi na kitu cha kuweka mahali pake. Akikosea, wenzake humrudisha. Siku ile kijana mmoja alileta pakiti ya sabuni akaiweka penye kulinda mwili, akajitetea kwamba sabuni huzuia ugonjwa. Kesi hiyo ilijadiliwa kwa muda mrefu, na hata mimi sikujua niamue vipi.

Gharama ya soko lile ni gunia na chokaa. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, madarasa ya chini ya msingi yaliwekewa shughuli za usafi na lishe. Na vilabu vya 4-K, ambavyo wazee wetu wanavikumbuka kwa bustani za shule, vilizinduliwa upya mwaka 2021. Lakini mtaala ni karatasi. Anayeutia uhai ni mwalimu anayeona kwamba rafu yake haina kunde.

Rangi husema

Usidhani ni mambo ya vijijini tu. Wauzaji wa vyakula wamejua siku nyingi kwamba mtoto hula kwa macho kabla ya kula kwa mdomo. Picha kwenye biskuti, umbo la peremende, kijikaragosi ndani ya pakiti, vyote vimebuniwa na watu wanaolipwa vizuri. Mara chache hila hiyo imeisaidia mboga. Baharia Popeye, aliyebuniwa na mchoraji Mmarekani Elzie Segar mwaka 1929, alipata umaarufu duniani kwa kula mchicha akawa na misuli, na sidhani kuna waziri wa afya aliyewahi kuusemea mchicha vizuri kumliko.

Mfano wa karibu zaidi ni kiazi. Kiazi kitamu tulichokizoea wengi wetu ni cheupe ndani. Kile cha rangi ya chungwa kimejaa kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumkinga mtoto na maradhi. Kipande cha gramu 125 hivi chatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Tabu ilikuwa kuwashawishi watu wabadilishe kiazi cha mababu. Huko Msumbiji waliokieneza waliigeuza rangi kuwa tangazo: magari, fulana na vibanda vikapakwa rangi ya chungwa, na maigizo yakachezwa sokoni. Kiazi ambacho hakina pakiti kikafanya nchi nzima kuwa pakiti yake.

Jambo hili lina ndugu upande wa pili wa mpaka huu huu. Robert Mwanga, mtaalamu wa mbegu kutoka Uganda, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya mazao yenye virutubishi zaidi, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Na katika miaka ya mwanzo ya mwongo wa 2010, akina mama waja wazito wa Busia na Bungoma waliokwenda kliniki walipewa vocha za kuchukulia mbegu za kiazi hicho. Shangazi anacho shambani. Alikikata mbele ya binti yangu bila kusema kitu, na mtoto, aliyezoea kwamba kiazi ni cheupe, akauliza nani amekipaka rangi. Alikula viwili.

Kunde za miaka 2,300

Siku ya nne nilimwacha mtoto na kukhu wake, nikarudi Busia na kupanda matatu ya Malaba. Nilikuwa nimesikia kwamba huko juu kuna kunde kongwe kuliko zote, nikataka kuona zilikotoka.

Malaba ni mji wa malori. Yamesimama kwa msururu yakingoja kuvuka, na pembeni yake kuna kila kitu ambacho dereva mwenye njaa aweza kutaka: chapati zilizoviringishwa na mayai kwa mtindo wa Uganda, mahindi ya kuchoma, mandazi, soda. Hapa ni kwa Wateso, ambao ugali wao wa wimbi, atap, una weusi unaomtia shaka mtoto wa jijini na nguvu zinazomshangaza baba yake. Nilikula chapati, nikapata boda boda ya Kakapel.

Kakapel ni mwamba mkubwa upande wa Mlima Elgon, wenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, ya ng'ombe na ya maumbo ya mistari. Chini ya mwamba huo watafiti wakishirikiana na Makavazi ya Taifa ya Kenya walichimba udongo wakautia majini, ili vipande vyepesi vilivyoungua vielee juu, vichotwe na kuchunguzwa. Ukiwaza vizuri, ni mchezo wa mtoto na beseni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha punje ya kunde ya miaka kama 2,300 iliyopita, ambayo ni miongoni mwa mimea ya kulimwa ya zamani zaidi kupatikana Afrika Mashariki. Mtama ulikuja baadaye, walau miaka 1,000 iliyopita, na wimbi limo pia.

Nilisimama chini ya mwamba ule nikamfikiria msichana wa miaka minane aliyemwambia binti yangu ahesabu majani matatu. Hakufundishwa kwa kitabu. Alifundishwa na aliyemtangulia mchezoni, naye na aliyemtangulia. Maarifa ya kuijua kunde yamepita kutoka mkono wa mtoto hadi mkono wa mtoto kwa muda usiohesabika, na kwangu, ghorofa ya tatu, yamekatika kwa kizazi kimoja. Mama yangu aliijua mito gizani kwa kuinusa. Mimi nainunua nikiwa nimeambiwa jina. Binti yangu hakujua kwamba ipo.

Mchezo haujazi sufuria

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya. Siku ya tano nilirudi darasani kwa mwalimu, kwa kuwa watoto waliomba soko lifunguliwe tena. Shangazi alikuwa ametoa viazi vichache vya kweli vya kuuza. Mchezo ulipopamba moto nilimwona kijana mdogo, wa miaka minne hivi, amejikunyata nyuma ya rafu akikila kiazi kibichi. Hakuwa akiigiza.

Mwalimu alimwona pia, akageuza uso. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Wapo wanaokuja hawajala. Ndiyo maana shule zikiwa wazi viazi vya soko hivi huvileta vimechemshwa. Mchezo ukiisha, tunakula duka."

Busia ina historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanauchumi Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule 50 za chekechea za wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Katika 25 kati yake watoto walipewa uji wa asubuhi. Mahudhurio yakawa karibu asilimia 36 kwenye shule za uji, na asilimia 27 kwenye zile nyingine. Kremer huyo ni mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Lakini kuna fungu la pili la matokeo yao ambalo halisemwi sana: watoto walipata alama bora pale tu mwalimu alipokuwa amefunzwa vyema tangu mwanzo. Uji uliwaleta. Hukuwafundisha. Tena kuupika na kuunywa kulikula muda wa masomo.

Mwalimu wetu wa Khunyangu amejifunza hayo hayo bila utafiti. Mchezo bila chakula ni kumwonyesha mwenye njaa picha ya karamu. Chakula bila mchezo hushibisha leo, na kesho mtoto akipewa shilingi 20 atakwenda moja kwa moja kwenye pakiti inayong'aa. Vyote viwili vyahitajiana. Mradi mmoja wa bayoanuwai na lishe ulioongozwa na shirika la Bioversity International, ulioanza mwaka 2012, uliwafunza wakulima wa Busia kuuza mboga za kienyeji kwa shule, hivi kwamba mtoto ale mgagani ule ule ambao mama yake ameuza. Hiyo ndiyo njia ya kujaza sufuria. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, mahali pa kuuliza kuhusu uji wa watoto wadogo ni kwa diwani wako, si mbali.

Ukirudi kwako

Huenda huna shangazi Khunyangu. Basi Jumapili hii jaribu machache. Mpeleke mtoto sokoni, umpe shilingi 50 na uhuru wa kuchagua mboga moja asiyoijua, na umwache amwulize muuzaji jina na mapishi yake. Akifika nyumbani achambue yeye. Ikiwa kuna mkebe au mtungi uliotoboka, jaza udongo, upande kunde kwenye roshani. Kama unaombwa pakiti tupu za duka la chekechea, peleka, lakini peleka na fungu la mchicha, umwambie mwalimu nalo liuzwe.

Mezani nyamaza. Mtilie kidogo, asipokula usigombe wala usihonge, kesho mtilie tena. Kamulia mboga ndimu, au mpe chungwa baada ya mlo, maana vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isogeze mbali na chakula, kwa kuwa huyazuia madini hayo. Na mtoto akionekana mnyonge, mpeleke hospitalini kwanza. Kunde si badala ya daktari.

Binti yangu bado anakunywa dawa yake. Mwezi uliopita daktari alimfunua kope tena akasema tunaelekea pazuri, tuendelee. Mgagani bado hautaki, na sukumawiki anaitazama kwa jicho la pembe. Mrenda anakula kwa mashindano dhidi ya baba yake, ambaye mpaka sasa hajashinda.

Chini ya meza yetu ya kulia chakula kuna duka. Ile pakiti ya vibanzi kutoka safarini ipo, imepewa nafasi ya heshima. Kando yake kuna gunia dogo lililotandikwa, na juu yake kunde kutoka mtungi wa roshani, fungu vizibo viwili. Juzi jioni nilitoka kazini nimechoka, nikaketi. Sauti ikatoka chini ya meza: "Karibu mteja. Mwili wako leo unataka nini, kujengwa ama kulindwa?"

Nilinunua mafungu mawili. Nilidaiwa vizibo vinne, na kwa kuwa sikuwa navyo, nikaambiwa nilipe kwa kuyapika.